Fani ya Kale, Kosa Jipya: Ushairi wa Lina Kostenko na Miaka Yake ya Kimya

Mnamo mwaka 1961 ilitoka diwani ya tatu ya mshairi wa Kiukraine Lina Kostenko, iitwayo Mandrivky sertsia, yaani Safari za Moyo. Diwani yake iliyofuata, Nad berehamy vichnoi riky (Kwenye Kingo za Mto wa Milele), ilitoka mwaka 1977. Baina ya vitabu hivyo viwili kuna miaka 16. Katika miaka hiyo mshairi hakuwa kifungoni, wala hakuhamishwa akapelekwa mbali kama walivyofanyiwa wenzake kadhaa, wala hakuwa ameacha kutunga. Diwani mbili alizozikamilisha, Zorianyi intehral mwaka 1963 na Kniazha hora mwaka 1972, zilizuiliwa zisitoke. Mswada wa filamu alioandika mwaka 1963 pamoja na Arkadii Dobrovolskyi ulipotoshwa. Hatimaye jina lake likatoweka magazetini, kana kwamba hapakuwa na mshairi wa jina hilo.

Kwa kawaida Kostenko anapozungumziwa, huelezwa kwamba aliadhibiwa kwa ajili ya msimamo wake wa kisiasa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: yanaugeuza ushairi kuwa kielelezo cha kesi, na msomaji akishaambiwa nani alimkataza nani, huona hana haja ya kuusoma. Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa upande wa fani. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba mashtaka ya kwanza ya hadhara dhidi ya mshairi huyu yalihusu fani, na kwamba kazi yake iliyo bora, riwaya ya kishairi Marusia Churai (1979), haieleweki vizuri bila kuuliza kwa nini mtu aliyepigwa marufuku aliendelea kushikilia vina na mizani.

Swali hilo si geni kwa wasomi wa Kiswahili. Katika mjadala uliopamba moto tangu miaka ya 1970, hasa baada ya kutoka kwa Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, aghalabu imechukuliwa kwamba mtunzi anayevunja arudhi ndiye mwanamapinduzi, na anayeishika ni mhafidhina anayeridhika na mambo yalivyo. Wenye kuitetea arudhi nao wamejibu kwa hoja za asili na utamaduni, wakaliacha suala la ujasiri kwa wapinzani wao. Mfano wa Ukraine unaziweka pande zote mbili katika hali ya kujiuliza upya.

Maisha ya mwanzo

Lina Kostenko alizaliwa tarehe 19 Machi 1930 katika mji mdogo wa Rzhyshchiv, kando ya mto Dnipro, kusini mwa Kyiv. Wazazi wake walikuwa walimu. Mwaka 1936 familia ilihamia Kyiv, na mwaka huohuo baba yake, mtu aliyejua lugha nyingi, akatiwa mbaroni na kupelekwa katika kambi za kazi za shuruti. Kisha vikaja vita. Katika shairi lake mojawapo mshairi anaeleza kwamba utungo wake wa kwanza aliuandika akiwa mtoto ndani ya handaki, na taswira hiyo imerudiwarudiwa na wahakiki hata imekuwa kama hirizi. Masomo yake aliyaanza katika chuo cha ualimu cha Kyiv, akaendelea katika Taasisi ya Fasihi ya Maxim Gorky mjini Moscow, akahitimu mwaka 1956.

Mwaka huo wa kuhitimu una uzito wake. Ndio mwaka ambao Khrushchev alifichua makosa ya Stalin mbele ya mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti, na kwa muda milango ya uchapishaji ikalegea. Diwani ya kwanza ya Kostenko, Prominnia zemli (Miale ya Ardhi), ilitoka mwaka 1957, na ya pili, Vitryla (Matanga), mwaka 1958. Nyuma yake kidogo wakatokea Ivan Drach, Mykola Vinhranovskyi na Vasyl Symonenko, pamoja na mhakiki Ivan Dziuba. Kundi hilo ndilo liitwalo kizazi cha miaka ya sitini. Halikuwa chama, na katika mambo ya utunzi lilikuwa na tofauti nyingi kuliko inavyosemwa: Drach alipenda sitiari za ajabu na mishororo isiyotabirika, ilhali Kostenko tangu mwanzo alikuwa na mkono wa kale, mshororo uliopimwa, kina kilichokamilika, na kauli fupi inayokaa kichwani kama methali.

Kosa la fani

Mwanzoni mwa mwaka 1963 Khrushchev aliwakaripia wasanii na waandishi mjini Moscow kwa mambo aliyoyaita ya kibeberu katika sanaa. Muda si mrefu viongozi wa chama mjini Kyiv nao wakatafuta wakosaji wao, na miongoni mwa waliotajwa walikuwamo Drach, Vinhranovskyi na Kostenko. Kosa lao liliitwa fomalizimu, yaani kuabudu fani na kuyapuuza maudhui.

Hapa msomaji yeyote aliyepitia madarasa ya uhakiki wa Kiswahili atashtuka kidogo. Istilahi za fani na maudhui, kama zilivyofundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, zina deni kubwa kwa uhakiki wa Kimaksi, na kwa wengi ni vyombo visivyo na hatia, njia tu ya kupanga insha. Katika mazingira ya Kisovieti zilikuwa pia vyombo vya kiserikali. Mkaguzi aliyeshindwa kuonyesha wazo baya katika shairi aliweza daima kusema kwamba fani imezidi. Na tungo za Kostenko za mwaka 1957 hadi 1961 zilikuwa za namna hiyohiyo ya kumsumbua mkaguzi: mapenzi, misitu, mto, unyoofu wa nafsi. Ni vigumu kuonyesha ndani yake kauli inayoipinga serikali waziwazi. Kilichokosekana ni kelele ya kuisifu, na kukosekana kwa jambo hakuwezi kunukuliwa katika hati ya mashtaka. Kwa hiyo fani ikabebeshwa lawama.

Ajabu ni kwamba fani yenyewe haikuwa mpya. Neno fomalizimu lilikusudiwa watu wanaovunja umbo, lakini Kostenko hakuvunja chochote. Ili kulielewa jambo hili yafaa kukumbuka kwamba nchini Ukraine fani ya kale ina historia yake ya mateso. Katika miaka ya 1920 lilikuwapo mjini Kyiv kundi la washairi walioitwa Wanaklasiki Mamboleo, akina Mykola Zerov, Pavlo Fylypovych, Mykhailo Drai-Khmara na Maksym Rylskyi, waliopendelea soneti, mizani safi na tafsiri za Kilatini. Wahakiki wa chama waliwashutumu kwamba wanayakimbia maisha ya wafanyakazi na kujificha katika mambo ya kale. Zerov na Fylypovych walipigwa risasi Sandarmokh, katika nchi ya Karelia, mwezi Novemba 1937. Drai-Khmara alifia Kolyma mwaka 1939. Bila shaka hati za mashtaka hazikutaja soneti. Zilizungumzia ugaidi na njama za kubuni. Lakini kizazi kilichofuata kilielewa kwamba kuandika soneti kwa Kiukraine, kwa unadhifu wa mtu anayeiheshimu lugha yake, kumewahi kuwa jambo la hatari.

Na lugha yenyewe ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1847 Taras Shevchenko alitiwa jeshini kwa adhabu, na mfalme Nikolai wa Kwanza akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Mwaka 1876 mfalme Aleksandr wa Pili alitoa amri iliyozuia sehemu kubwa ya uchapishaji kwa Kiukraine, pamoja na kuingiza vitabu vya lugha hiyo kutoka nje na kuitumia jukwaani. Lugha iliyodaiwa kuwa ni lahaja ya wakulima, haiwezi kubeba mambo mazito, haina njia bora ya kujibu kuliko kuonyesha kwamba inaweza umbo gumu. Katika mazingira kama hayo ustadi wa arudhi ni hoja kamili, hata pale shairi linapozungumza juu ya theluji.

Miaka ya kimya

Baada ya mwaka 1963 mambo ya siasa yaliingia waziwazi. Mwaka 1965 wasomi wengi wa Kiukraine walikamatwa, na Kostenko akatia sahihi barua ya kupinga. Mwaka 1966, ndugu Mykhailo na Bohdan Horyn walipokuwa wakihukumiwa mjini Lviv, alikwenda huko, akawarushia washtakiwa maua. Mwaka 1968 aliandika kumtetea Viacheslav Chornovil aliyekuwa akikashifiwa magazetini. Mwezi Januari 1972 likaja wimbi la pili la kukamatwa kwa watu, na mwaka huo ndipo Kniazha hora ilipozuiwa.

Mashairi yaliyokosa kiwanda cha chapa yalipita njia nyingine. Waukraine wana neno samvydav, uchapishaji wa kujifanyia: shairi hupigwa taipu kwa karatasi za kaboni, nakala kadhaa kwa mara moja, ya mwisho ikiwa hafifu hata herufi hazionekani, kisha kila mpokeaji huinakili tena. Mwanahistoria wa siasa huitazama samvydav kama ushujaa. Mhakiki wa maandiko ana jambo lake la kuuliza: shairi hupatwa na nini linaponakiliwa mara kumi na mikono kumi?

Wahariri wa tenzi wanalijua jibu kutokana na kazi yao wenyewe. Hati ya utenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ikipitia waandishi wengi huingiwa na makosa, na mhariri anapokuta mshororo wenye mizani saba pahali pa nane hujua papo hapo kwamba neno limedondoka. Kina kisipooana, hutafuta kile kilichokuwapo. Vina na mizani humfanyia mlinzi kazi ya zamu ya usiku. Ushairi wa Kiukraine haupimwi kwa idadi ya silabi peke yake bali kwa mkazo, na mkazo wa lugha hiyo hauna pahali maalumu kama wa Kiswahili unaokaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, huhamahama. Kwa hiyo mshororo wa ayambi, ambamo silabi isiyo na mkazo hufuatwa na yenye mkazo, ni kipimo kikali zaidi kuliko kinavyoonekana kwa mgeni. Neno likibadilishwa, mdundo hukwama. Kadhalika kina huanzia katika silabi yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno, hivyo si rahisi kupachika neno lolote. Shairi la namna hiyo hukaa kichwani, na likikaa kichwani halihitaji karatasi ya kaboni.

Hii si kusema kwamba Kostenko alichagua arudhi ili kumkwepa mkaguzi. Alikuwa akiitumia kabla ya kukatazwa. Wala haimaanishi kwamba mashairi huru hayakuwa na ujasiri: Vasyl Holoborodko na Mykola Vorobiov, washairi wa kile kiitwacho Mkondo wa Kyiv, walitunga bila vina nao wakazuiwa vilevile. Mkaguzi aliwanyima wote kwa usawa. Ndiyo maana hoja ya kwamba umbo fulani kwa asili yake ni la kimapinduzi, na jingine ni la utiifu, haina msingi. Fasihi ya Kenya yenyewe ina ushahidi wa karibu. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya andiko Kenya: Twendapi?, alitunga Sauti ya Dhiki (1973) kwa arudhi madhubuti. Alamin Mazrui, aliyewekwa kizuizini mwaka 1982, ametupa katika Chembe cha Moyo (1988) tungo nyingi zisizoifuata arudhi. Hakuna anayeweza kupima ujasiri wa mmoja dhidi ya mwingine kwa kuhesabu vina.

Marusia Churai mbele ya baraza

Kitabu kilichovunja kimya kikamilifu ni Marusia Churai. Mswada wake ulikaa miaka kadhaa bila kuchapishwa, ukatoka mwaka 1979. Mtunzi ameuita riwaya ya kihistoria katika ushairi. Kwa msomaji wa Kiswahili mfano wa karibu ni utenzi wa kihistoria, lakini tofauti ni muhimu: mwimbaji wa utenzi husimama nje ya kisa na kukisimulia, ilhali hapa sauti hubadilika, mara ni karani wa baraza, mara ni mashahidi, mara ni mshtakiwa anayesema ndani ya nafsi yake. Mshororo ulio mwingi ni wa ayambi wa jozi tano za silabi, na vina hutumiwa kwa uhuru, vikisongamana penye hisia na kulegea penye mazungumzo.

Kisa chenyewe ni cha mji wa Poltava katikati ya karne ya 17, wakati wa vita vya Bohdan Khmelnytskyi, hetmani wa Wakosaki, dhidi ya utawala wa Poland. Masimulizi ya watu yanasema kwamba Marusia Churai alikuwa msichana mtunzi wa nyimbo, na kwamba wimbo mashuhuri wa Hryts aliyepewa sumu ni wake. Je, msichana huyo aliishi kweli? Wanahistoria hawana hati ya kulithibitisha jambo hilo. Kostenko anaanzia hapohapo. Anakumbusha kwamba katika kiangazi cha mwaka 1658 Poltava iliteketea pamoja na kumbukumbu zake, kisha anauliza itakuwaje iwapo kitabu kimoja cha baraza kilinusurika. Riwaya nzima imejengwa juu ya kitabu hicho ambacho hakipo.

Huu ni ufundi wa kifani, lakini ni zaidi ya ufundi. Mtunzi ambaye vitabu vyake viwili vimezuiwa anaandika kitabu juu ya kitabu kilichopotea. Anaiga lugha ya makarani wa karne ile, viapo vyao, vyeo vyao, ukavu wao. Ukavu huo, ukiwekwa katika mizani, unapata hali ya kuchekesha na kutisha kwa pamoja: lugha ya serikali inajikuta inaimba bila kutaka.

Marusia ameshtakiwa kwamba amemwua kwa sumu mpenzi wake Hryts Bobrenko, aliyemwacha ili amwoe Halia, binti wa watu wenye mali. Mashahidi wanakuja mmoja mmoja. Kila mmoja anasema juu ya Marusia, na kwa kusema juu yake anajifichua mwenyewe. Kanali Martyn Pushkar, mtu wa kweli katika historia ya Poltava, yupo. Yupo Ivan Iskra anayempenda Marusia bila kupendwa. Yupo Mkosaki wa Zaporizhzhia anayetaka kujua kwa nini kuisaliti nchi ni hatia ya kufa ilhali kumsaliti mtu ni jambo la kupuuzwa. Mshtakiwa peke yake hasemi neno. Sumu aliitayarisha kwa ajili yake mwenyewe, na Hryts akainywa. Lakini baraza halilijui jambo hilo kutoka kinywani mwake. Msomaji hulipata katika sura ya maungamo, usiku, gerezani, ambapo hakuna karani wa kuandika.

Wahakiki wengi wameuona unyamavu huo kuwa ni wa mtunzi mwenyewe. Ufananisho huo unajileta, na kuukataa kabisa kungekuwa ukaidi. Lakini ukichukuliwa peke yake unakipunguza kitabu. Unyamavu wa Marusia unatokana na kukataa kutumia lugha ambayo baraza linaielewa. Baraza lina maneno ya mauaji, ya urogi, ya uzinzi, ya mahari. Halina neno la jambo lililotokea baina ya watu wale wawili. Yeye aliyekuwa na maneno ya kutosha kuupa mji mzima nyimbo anaona kwamba maneno ya hapo hayamfai. Kwa hakika sehemu hii ni uhakiki wa lugha ya hukumu yenyewe, na si vigumu kuona ni kwa nini wakaguzi hawakuwa na haraka ya kuuruhusu mswada.

Anahukumiwa kunyongwa. Iskra anapanda farasi hadi kwa hetmani, na hetmani anatoa msamaha kwa sababu mbili: baba yake Marusia aliuawa kwa ajili ya nchi, na nyimbo zake zinaimbwa na majeshi. Msamaha unafika wakati kamba iko tayari. Hapa pangekuwa mwisho wa hadithi kwa mtunzi wa kawaida, na kwa kweli pana harufu ya tamthilia za jukwaani katika kufika kule kwa mpanda farasi dakika ya mwisho. Lakini Kostenko anakiendeleza kitabu, na sehemu iliyo bora kuliko zote inakuja baadaye.

Marusia anakwenda hija Kyiv kwa miguu, akifuatana na shemasi mzururaji aliyesoma sana. Wanapita katika nchi iliyochomwa, wanaona makao yaliyoachwa na mwana wa mfalme Yarema Vyshnevetskyi, mtu aliyeikatili nchi aliyozaliwa. Shemasi anazungumza njia nzima. Anachokilalamikia si vita pekee, bali kwamba watu wake wamepigana na kufa bila kitabu: mataifa mengine yameandika mambo yao na ulimwengu unawajua, lakini wao wana damu nyingi na maneno machache. Mazungumzo hayo yameelezwa na baadhi ya wasomaji kuwa ni hotuba iliyowekwa kinywani mwa mhusika. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Shemasi ana ufasaha kuliko njaa yake. Hata hivyo mwendo unaiokoa sura. Anayesema ni mtu anayetembea, na kila hoja inakatizwa na kisima, kaburi, mvua, mkate. Na anayesikiliza ni mtunzi ambaye nyimbo zake ndizo lile neno ambalo shemasi anadai halipo. Wote wawili hawalitaji jambo hilo.

Udhaifu wa kitabu uko kwingine. Ukoo wa Halia umechorwa kwa rangi moja: ni matajiri, wachoyo, wenye vifua vya nguo. Mama yake Hryts ana uhai zaidi kwa kuwa uchoyo wake umetokana na ufukara, lakini jamaa wa Halia wangeweza kutoka katika kitabu chochote cha shule cha wakati ule. Ni kinaya kwamba pale ambapo mtunzi aliyekatazwa anawachora wenye mali, anakaribiana mno na kanuni za waliomkataza.

Mwishoni Marusia amerudi Poltava, anaugua kifua. Hatungi tena. Kikosi kinatoka kwenda vitani, na kinatoka kikiimba nyimbo zake. Mtunzi ananyamaza, tungo ziko katika vinywa vya watu ambao huenda hawamkumbuki. Samvydav ilikuwa imemfundisha Kostenko kwamba jambo hilo ni halisi kabisa.

Baada ya marufuku

Nepovtornist (Kisichorudiwa) ilitoka mwaka 1980, na mwaka 1987 diwani hiyo pamoja na Marusia Churai zilimpatia mtunzi Tuzo ya Shevchenko, iliyotolewa na serikali ileile. Mwaka huohuo ulitoka Sad netanuchykh skulptur (Bustani ya Sanamu Zisizoyeyuka), wenye kazi mbili za kitamthilia. Katika Theluji Mjini Firenze mchongaji Rustici, akiwa mzee uhamishoni Ufaransa, anahesabiana na ujana wake, mtu aliyewahi kuchonga sanamu kwa theluji. Katika kazi ya pili, inayogeuza utungo wa kale wa mashujaa, Wakosaki wanapelekwa Warszawa kuuawa, na Sakhno Cherniak anajiunga nao kwa hiari ili wasife peke yao. Anayekumbuka maua ya Lviv ya mwaka 1966 hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ukraine ilipopata uhuru mwaka 1991, mshairi aliyekuwa amekatazwa akawa nembo. Alikataa cheo cha Shujaa wa Ukraine, lakini wasomaji wakampa cha kwao. Mishororo yake mifupi iliyokaa kichwani kama methali ilianza kuonekana katika kadi za salamu na hotuba, ikikatwa kutoka katika mashairi yake kama vishikizo kutoka kanzuni. Fani iliyouhifadhi ushairi wakati wa marufuku ilikuwa sasa inaurahisishia watu kuutumia bila kuusoma.

Mwaka 2010 alichapisha riwaya ya kwanza ya nathari, Zapysky ukrainskoho samashedshoho (Shajara ya Mwehu wa Kiukraine). Msimulizi ni mtaalamu wa kompyuta anayefuatilia habari za mwanzo wa karne hii hadi maandamano makubwa ya mwaka 2004. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, lakini wahakiki vijana hawakupendezwa nacho. Mwanzoni mwa 2011 mtunzi aliikatiza ziara yake ya kukinadi baada ya kufika Lviv na kuyapata maneno yao. Ikazuka ghadhabu dhidi ya wahakiki hao, kana kwamba kumkosoa mtu aliyeteswa ni kuyarudia mateso. Maoni yao kuhusu kitabu, hata hivyo, yana uzito. Riwaya imejaa magazeti. Matukio yanapita haraka mno kwa wahusika kuyaishi, na hasira ya msimulizi haipati kizuizi. Katika tungo za Kostenko kizuizi ndicho kilichoifanya hasira isemeke, na kizuizi hicho kilikuwa mizani. Nathari imemnyima mwandishi huyu chombo alichokitumia kwa miaka zaidi ya 50, na pengo linaonekana.

Kinyume chake ni Berestechko, iliyotoka mwaka 1999, kazi ndefu ya kishairi ambamo hetmani Khmelnytskyi, baada ya kushindwa vibaya katika vita vya mwaka 1651, anazungumza peke yake na kujiuliza alikosea wapi. Ni kazi isiyo na ulaini wa Marusia Churai. Inajirudia, inazunguka pahali pamoja, na kuna kurasa ambazo hetmani anajua mambo ambayo mtu wa karne ya 17 hangeyajua. Lakini mzunguko huo ndio akili ya mtu aliyeshindwa, na mshororo wake umekatwa mfupi zaidi, hauna mapambo. Mtunzi aliianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, alipokuwa amekatazwa, akairudia kila baada ya muda. Tangu 1991 hapakuwa tena na mkaguzi wa kuuzuia mswada huo. Aliyeuzuia kwa miaka minane zaidi ni mtunzi mwenyewe, akiendelea kuubadilisha.